Wapi Tuwalaze Waliotolewa Kwao?

Katika matendo ya huruma ya kimwili, ambayo watoto wetu huyakariri katika mafundisho ya katekisimu, limo moja ambalo midomo hulitaja upesi na moyo hulipita: kumpa makao asiye na makao. Kumlisha mwenye njaa twakujua, maana njaa huonekana kila siku. Kuzika wafu twakujua, maana msiba hauchagui nyumba. Lakini familia nzima iliyosimama njiani na vyombo vyake, mtoto mgongoni na mzee amekaa juu ya mzigo, isijue italala wapi usiku huu, hiyo twaidhani kuwa habari ya mataifa ya mbali. Kumbe ni habari yetu. Yatupasa basi kuifikiri mapema, kabla ya usiku kuingia, maana mwenye kuanza kufikiri huku mvua inanyesha huchukua lililo karibu, na lililo karibu silo jema siku zote.

Swali letu ni hili. Familia ikilazimika kuiacha nyumba yake kwa ghafula, ipewe makao gani ya dharura? Nani achague, na kwa kipimo gani? Wengine watasema kwamba hili ni jambo la serikali na la mashirika ya msaada, tena ni hesabu tu ya mahema na mabati. Sisi twasema kwamba ni jambo la dhamiri kwanza, na hesabu hufuata.

Tutazame Piyaya. Ni kata ya wilaya ya Ngorongoro, mkoa wa Arusha, kwenye nyanda kavu zinazopakana na Serengeti, ambako wafugaji wa Kimaasai huishi na mifugo yao karibu na makundi makubwa ya nyumbu. Watu wa upande huo wamejifunza neno kuhama kwa njia mbili. Iko hama ya mfugaji, anayeyafuata majani na maji kwa majira, naye aijua njia ya kurudi. Tena iko hama ya kuamriwa. Mwaka 1959 sheria ya wakati wa ukoloni iliwatoa wafugaji katika Serengeti, na nchi ya Ngorongoro ikatengwa iwe ya wanyama na ya wafugaji pamoja. Katikati ya miaka ya 1970 waliokaa chini ndani ya kreta ya Ngorongoro wakatolewa. Mwezi wa Julai 2009 maboma yalichomwa moto katika nchi ya Loliondo. Mwezi wa Juni 2022 ziliwekwa alama za mpaka wa kilometa za mraba 1,500 zilizotengwa kuwa Pori Tengefu la Pololeti, na Piyaya ni miongoni mwa kata zilizoguswa na mpaka huo. Siku zile huko Ololosokwan damu ilimwagika: raia walijeruhiwa, askari polisi mmoja akauawa, na familia nyingi zikavuka kwenda upande wa Narok, nchini Kenya. Mwezi huohuo magari ya kwanza yaliwachukua watu waliojiandikisha kuhama Ngorongoro, yakawapeleka Msomera, wilayani Handeni, mamia ya kilometa kutoka huko, ambako serikali ilikuwa imewajengea nyumba za vyumba vitatu pamoja na mashamba.

Serikali yasema kwamba wanyama, maji na malisho vyahitaji hifadhi, tena kwamba watu na mifugo wameongezeka. Wafugaji wasema kwamba nchi ile ni ya vijiji vyao kwa sheria, na kwamba hawakuulizwa ipasavyo. Mashauri yalifika mahakamani. Tarehe 29 Novemba 2023 kitengo cha rufani cha Mahakama ya Afrika Mashariki kiliamuru shauri la vijiji vinne vya Loliondo lisikilizwe upya. Ukurasa huu haukai katika kiti cha hakimu. Lakini hakimu huchukua miaka, na mtoto hulala kila usiku. Kati ya amri na hukumu yapo masiku mengi, na hayo ndiyo tuyasemayo leo.

Wala msomaji wa Songea, wa Bukoba au wa Dodoma asidhani kwamba haya ni mambo ya Wamaasai peke yao. Wazee wetu wakumbuka miaka ya 1973 hadi 1976, wakati wa Operesheni Vijiji, jinsi watu kwa mamilioni walivyohamishwa, na jinsi malori yalivyowashusha wengine mahali ambapo hapakuwa na ukuta wala paa. Watu wa Ngara wakumbuka mwisho wa Aprili 1994, ambapo kwa muda wa siku moja tu watu zaidi ya 200,000 walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda, wakajaza Benaco. Na waumini wa Jimbo la Mbulu, ambalo ndani yake imo Karatu, jirani ya Ngorongoro, waikumbuka asubuhi ya tarehe 3 Desemba 2023, matope na mawe yaliposhuka kutoka mlima Hanang juu ya Katesh, yakawaua watu zaidi ya 80, na waliosalia wakalazwa katika shule. Amri, vita au mlima: sababu ni mbalimbali, na anayewatoa watu kwa amri ana swali la kujibu ambalo mlima hauulizwi. Lakini jioni ya siku ile ya kwanza ni moja.

Tuhesabu sasa makao yanayoweza kupatikana. Liko kwanza pango la undugu: nyumba ya shemeji, ya mjomba, ya mtu wa rika moja, ya Mkristo wa jumuiya ileile. Liko jengo la watu wote: darasa, ukumbi wa parokia, pengine kanisa lenyewe. Liko hema au turubai la kambi. Na iko nyumba iliyojengwa tayari, imara, lakini mbali na yote ambayo familia iliyajua. Ukimwuliza mpita njia aichague iliyo bora, atatazama ukuta na bati, ataichagua ya mwisho. Yawezekana asiwe amekosa. Yawezekana pia kwamba amepima nyumba na kusahau kuipima familia.

Maana nyumba ni nini? Katika boma la Kimaasai, nyumba iitwayo enkaji hujengwa na mwanamke. Yeye huzikata fito, huzisuka, huzikandika kwa udongo na samadi, na nyumba hiyo huhesabiwa kuwa yake. Humo huweka maziwa, humo huwasha moto, humo ndama wachanga hupata kulala kando ya watoto. Mtu wa mjini aweza kuingia akaona moshi na giza tu. Lakini ukiichoma nyumba ile umeiondoa pia mamlaka ya mama, na mpango wa siku, na namna ya mtoto kujua pa kukimbilia akiogopa. Nasi Wakristo twafundishwa kwamba familia ni kanisa la nyumbani. Basi makao ya dharura hayana kazi ya kuziba mvua peke yake. Kazi yake ni kuiwezesha familia kuendelea kuwa familia mpaka haki au amani irudi. Kwa kipimo hiki twaweza kupima hema, darasa na nyumba ya mjomba, na hata nyumba ya vyumba vitatu.

Mama Kanisa alikwisha kuliona jambo hili zamani. Baba Mtakatifu Pio XII, katika waraka wake Exsul Familia wa tarehe 1 Agosti 1952, aliiweka Familia Takatifu, iliyokimbilia Misri, kuwa mfano na kinga ya kila familia ya wakimbizi. Papa Yohane XXIII katika Pacem in Terris ya mwaka 1963 aliyahesabu makao kati ya haki za kila mtu, pamoja na chakula, mavazi na matibabu. Na tuitazame vema safari ile ya Misri. Yozefu aliamka usiku, akamchukua mtoto na mama yake. Hakumtuma mama peke yake wala hakumwacha mtoto kwa majirani. Waliondoka pamoja, wakakaa pamoja ugenini, wakarudi pamoja hatari ilipokwisha.

Hapo twapata kanuni ya kwanza: makao yasiitenge familia. Wasimamizi wa kambi, kwa nia njema, wakati mwingine huwalaza wanaume huku na wanawake kule, au huwapeleka watoto mjini kwa kuwa huko kuna shule, au humpeleka bibi kizee hospitali kwa kuwa hapana pengine pa kumweka. Kila tendo lina sababu yake, na kwa usiku mmoja laweza kuvumiliwa. Lakini likiwa mwezi, familia imekwisha kutawanyika bila mtu yeyote kuamuru itawanyike. Heri turubai moja linalowakusanya kuliko vitanda vitano katika nyumba tano.

Kanuni hii hukutana upesi na jambo gumu, nasi hatutalikwepa. Wako wazee wenye wake wawili au watatu. Kanisa lafundisha ndoa ya mume mmoja na mke mmoja, na fundisho hilo halibadiliki kwa sababu ya mvua. Lakini afisa au katekista agawaye makao, akiandika jina la mume peke yake na kutoa mlango mmoja, amemwacha mke wa pili na watoto wake nje, au amewasonga wanawake wawili wenye majiko mawili katika chumba kimoja. Mama yule hakutenda kosa kwa kuhitaji paa. Watoto wake ni watoto. Mambo ya ndoa yashughulikiwe kwa utaratibu wake, na padre wake, kwa wakati wake. Usiku wa dharura kila mama mwenye watoto apewe mlango wake, na jina lake liandikwe. Anayetaka kutengeneza ndoa za watu kwa kuwanyima pa kulala hatetei sakramenti, anamwadhibu dhaifu.

Kanuni ya pili: makao yawe karibu na kile kinachoilisha familia. Kwa mfugaji ni mbuzi, ng'ombe na maji. Kwa mkulima ni shamba ambalo bado lina mahindi. Kwa mvuvi ni pwani. Mashirika ya msaada yana vipimo vyao, nasi twavisifu, maana vimezaliwa katika machungu ya makambi ya miaka ile ya 1990: mita za mraba 3.5 za kulala kwa kila mtu, na zaidi ya hapo penye baridi ambapo watu hulazimika kupika ndani. Tena lita 15 za maji kwa mtu kwa siku. Kila parokia ingefaa kuzijua hesabu hizo, ipime ukumbi wake na kujua mapema ni watu wangapi waweza kulala humo kwa heshima. Ukumbi wenye urefu wa mita 20 na upana wa mita 10 hautoshi watu mia. Kwa kipimo hicho watosha watu 57. Lakini hakuna kipimo cha mita kinachoweza kuhesabu umbali wa mama na maziwa ya mwanawe. Familia yenye mbuzi kumi na turubai karibu nao yaweza kusimama tena baada ya mwezi. Familia ileile, ikiwekwa mahali pazuri pasipo na mbuzi, itangoja gari la unga, na mtu anayengoja gari kila siku huanza kusahau kwamba aliwahi kumlisha mgeni.

Kanuni ya tatu ndiyo watu huibishia zaidi: familia yenyewe iulizwe. Wengine husema, katika dharura hapana nafasi ya kuuliza. Mwenye taa aongoze, wengine wafuate. Kuna ukweli katika neno hilo. Matope yakishuka mlimani, au risasi zikilia, anayejua njia na aamuru, na mzee asiyetaka kutoka abebwe mgongoni, maana uhai ni zawadi ya Mungu iliyotangulia hiari yote, na watoto hawawezi kufa kwa ajili ya ubishi wa wakubwa. Lakini saa ya hatari ya namna hiyo ni fupi. Asubuhi yake haipo tena, na mara nyingi amri hubaki pale pale, kwa kuwa ni rahisi kwa mwenye kuamuru. Hapo ndipo kosa huanza. Kuuliza hakuhitaji siku nyingi. Maswali matatu yatosha, nayo huulizwa kwa muda wa kunywa kikombe cha chai: Mna ndugu wa karibu mnaotaka kwenda kwao? Mnahitaji kuwa karibu na nini? Nani kati yenu hawezi kutembea? Na aulizwe mama pia, maana yeye ndiye atakayewasha moto mahali hapo. Mzee mmoja atachagua turubai karibu na zizi, ingawa ameonyeshwa chumba chenye kitanda. Tusimwone mjinga. Amechagua kubaki baba mwenye mifugo badala ya kuwa mgeni mwenye kitanda, na uchaguzi huo una hekima ambayo orodha zetu hazina safu yake.

Kanuni ya nne yahusu mwenyeji. Bila shaka pango la undugu ndilo makao bora ya siku za kwanza kwa familia nyingi. Humo mna lugha ileile, sala ileile, mtu wa kulia naye. Lakini tuseme wazi jambo ambalo adabu yetu hulificha. Waswahili husema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Aliyetolewa kwake hana jembe, wala shamba la kulimia kama ungempa. Mjomba aliyepokea watu tisa katika vyumba viwili hatasema neno. Atapunguza chakula cha watoto wake kimya kimya, atauza mbuzi, atakopa. Msaada ukifika, hupelekwa kambini, maana kambini watu huhesabika na kupigwa picha, bali nyumba ya mjomba haionekani barabarani. Hivyo yule aliyetenda huruma kuu kuliko wote ndiye asiyepata hata debe la mahindi. Hiyo si haki. Mtakatifu Thoma wa Akwino alifundisha kwamba katika shida iliyopita kiasi mali za dunia huwa kama za watu wote kwa ajili ya mwenye shida. Basi mzigo wa mwenye shida ni wa watu wote vilevile, na hauwezi kuachwa juu ya bega moja kwa sababu tu bega hilo halikulalamika.

Katika jambo hili Bwana wetu ametupa mfano mkamilifu. Msamaria alipomkuta mtu njiani nusu mfu, alimfunga jeraha, akampandisha juu ya mnyama wake, akampeleka katika nyumba ya wageni. Kwa nini hakumpeleka kwake? Kwa sababu alikuwa safarini, na kwake kulikuwa mbali, na mgonjwa yule hangefika. Alichagua makao yaliyomfaa mgonjwa kwa hali aliyokuwa nayo. Kisha akamlipa mwenye nyumba, asimwachie mzigo. Kisha akaahidi kurudi na kulipa kilichozidi. Mambo matatu: mahali panapofaa, mwenyeji asiyeonewa, na ahadi ya kurudi. Sisi husifu sana mafuta na divai ya Msamaria, tukazisahau dinari zake mbili.

Ahadi ya kurudi yatupeleka katika kanuni ya tano: makao ya dharura yawe na mwisho unaojulikana. Darasa liliwekwa kwa ajili ya watoto wa kijiji. Likifunguliwa kwa waliofikwa na msiba, watoto hao wametoa sadaka yao, nayo ni sadaka njema. Likikaliwa muhula mzima, tumewalipisha watoto deni la watu wazima. Hanang yatufundisha kwamba yawezekana kufanya vizuri: wale waliolazwa katika shule hawakuachwa humo, bali serikali iliwajengea nyumba za kudumu Waret, si mbali na kwao. Tena iko historia nyingine. Watu wa Burundi waliokimbia mauaji ya mwaka 1972 walipewa makazi huko Ulyankulu, Katumba na Mishamo, nchi nzuri yenye rutuba, na Tanzania ilisifiwa kwa ukarimu huo, nao ulikuwa ukarimu wa kweli. Lakini ilipofika mwaka 2014, ndipo zaidi ya watu 160,000 kati yao na wazao wao walipopewa uraia. Miaka arobaini na miwili mtu aliitwa mgeni wa muda. Mtoto alizaliwa mgeni, akaoa mgeni, akamzika baba yake akiwa mgeni. Neno la muda ni neno la huruma kwa wiki chache. Likipita mipaka yake huwa kifungo kisicho na kuta. Anayetoa hema na aseme pia: baada ya miezi kadha wa kadha tutakutana hapa kuamua lililo la kudumu, nanyi mtakuwapo.

Sasa twafika kwenye pingamizi lililo zito kuliko yote, na limesemwa na watu wenye moyo safi. Wasema hivi: kama watu wametolewa kwao bila haki, sisi tukija na blanketi na unga, je, hatumsaidii aliyewatoa? Tumemwondolea aibu. Watu wangelala nje, dunia ingeona, amri ingebatilishwa. Huruma yenu, wasema, yalainisha barabara ya dhuluma. Na kwa upande mwingine wako wanaowalaumu waliokubali nyumba za Msomera, wakiwaita wasaliti wa wenzao waliobaki.

Pingamizi hili lina uzito. Huruma yaweza kweli kutumiwa na mwenye nguvu. Lakini tuangalie latudai nini. Latudai tuwaache watoto walale barazani ili mateso yao yawe hoja. Hapo twasema hapana. Mtu si ubao wa kuandikia malalamiko, hata yakiwa ya haki. Atakaye kuutumia mwili wa mtoto kwa ajili ya kushinda shauri amefanya, kwa nia bora, jambo la jamaa moja na lile analolipinga. Tena hatuna ruhusa kumhukumu baba aliyeuza ukimya wake kwa chumba chenye paa, baada ya miaka ya kuhesabu usiku. Aliyechagua kwa hiari ya kweli, na awe na amani Msomera. Aliyechagua kwa sababu zahanati na shule za kwake zilikuwa zimedhoofika, huyo tuulize nani aliyezifanya zidhoofike, wala tusimwulize yeye.

Jibu letu basi ni kwamba huruma na haki ni mikono miwili ya mwili mmoja, na kila mmoja una kazi yake. Mkono mmoja hutandika mkeka usiku huu. Mkono mwingine hushika kalamu asubuhi, huandika kwa hakimu, kwa mbunge, kwa waziri, huuliza kwa heshima na bila woga: watu hawa waliulizwa lini, na walijibu nini? Mwenye mkono mmoja tu amelemaa, uwe upi. Na ili huruma isigeuzwe kuwa chombo cha dhuluma, liko sharti moja ambalo kila parokia na kila shirika na walishike kama amri: makao ya dharura yasidai sahihi yoyote ya kuacha haki. Blanketi lisiwe na masharti. Mtu aliyelala katika hema letu asiambiwe kesho kwamba kwa kulala humo alikubali kuondoka kwake. Umoja wa Afrika, katika Mkataba wa Kampala wa mwaka 2009 juu ya waliolazimika kuhama ndani ya nchi zao, uliliona jambo hili: waliohama wana haki kuchagua kwa hiari kurudi, kubaki walipo, au kuhamia pengine. Paa la usiku halifuti njia ya kurudi. Yozefu alikaa Misri, wala hakuwa Mmisri kwa kukubali kivuli cha nyumba ya Mmisri.

Tukisha kuyanena haya, yatubakia kuuliza: sisi tulio mbali na Piyaya tufanye nini? Twapendekeza mambo ambayo hayahitaji fedha nyingi.

Kila jumuiya ndogo ndogo ya Kikristo na ikae jioni moja, kabla ya masika, iandike: ni nyumba ngapi kati yetu zaweza kupokea familia moja kwa siku tatu? Ipi ina chumba, ipi ina zizi, ipi ina choo kinachoweza kutumiwa na mgonjwa? Na waliobaki, wasio na nafasi, waandike watampa mwenyeji nini: debe la mahindi, kuni, ndoo za maji, zamu ya kufua. Hivyo mjomba hatabaki peke yake. Kila halmashauri ya parokia na iupime ukumbi wake, iandike hesabu ya watu mlangoni, tena ichague mwanamke mmoja mwenye akili na huruma, pengine mama wa WAWATA, awe ndiye wa kuwauliza wageni yale maswali matatu. Caritas ya jimbo, inapopeleka msaada, na iulize si kambi iko wapi tu, bali pia ni nani wamewapokea ndugu zao majumbani; na gari lisimame katika milango hiyo. Na sisi sote, tunaposikia habari za watu waliotolewa kwao, tuache desturi ya kuuliza kwanza kama walistahili. Swali hilo lina wakati wake, na watu wake wa kulijibu. Siku ya mwisho Bwana atasema alikuwa mgeni. Hatujasoma popote kwamba ataeleza kwanza kwa nini alitoka kwake.

Hatujui ni nyumba ya nani itakayofuata. Mito yetu hufurika, milima yetu hubomoka, mipaka huchorwa upya, barabara mpya hupita juu ya vyumba vya watu. Anayesoma ukurasa huu akiwa chini ya bati lake aweza mwakani kuwa amesimama mlangoni pa mwingine, ameshika mkono wa mtoto. Ajiulize angependa aulizwe nini, awekwe wapi, na nani, kwa muda gani. Majibu yake mwenyewe ndiyo sheria anayodaiwa kwa jirani. Na usiku huu, katika sala ya familia, baada ya kuwaombea marehemu, tuongeze Salamu Maria moja kwa ajili ya akina mama wa Piyaya na wa kila mahali ambao hawajui kama wataukandika tena ukuta wa nyumba zao. Kisha kesho, baada ya Misa, tuanze kuandika ile orodha.